Nyaya Ulizokata Mwenyewe

Baba,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini yako naijua, na yangu utaijua sasa hivi. Nina hasira na wewe. Nimejaribu kuimeza tangu tulipoanua matanga yako, imenishinda.

Redio yako ya kabati, yenye santuri ndani, ile uliyoinunua kwa watu wa mgodini kabla sijazaliwa, imeangukia kwangu. Ndugu zako walipokuwa wanagawana vitu, Mama aliomba abaki nayo. Shangazi Yustina akamkatisha mbele ya watu wote: "Santuri uliiunguza, sasa unataka umalizie na redio?" Watu wakacheka, msiba wenyewe bado mbichi. Mama akaangalia chini. Wakasema basi apewe binti, si ndiye anayeshika kibanda cha ufundi cha baba yake.

Nikaamua nimfurahishe Mama. Ile mashine ya kuzungushia santuri ilikuwa imekwisha kweli kwa kukaa bure, mpira umekauka na sindano haipo. Mdogo wangu Deo akanitafutia pleya mpya huko Kigoma, ya plastiki, nyepesi kama sinia. Ikaja kwa boti mpaka Ikola, halafu ikapanda lori juu ya magunia ya dagaa. Inanuka dagaa mpaka leo. Sauti ya hizi pleya za siku hizi ni ndogo mno, redio ya zamani ya valvu haiisikii, kwa hiyo nikatengeneza amplifaya ndogo ya transista ya kukaa katikati na kuikuza, nikaifungia ndani ya kopo la maziwa ili isivume. Nikaranda mbao kidogo, pleya ikakaa pale pale pa zamani na mfuniko ukafunga. Kazi safi, Baba. Ungeisifia.

Jioni umeme wa jenereta ulipowaka, nikaweka sahani ya muziki. Ikazunguka. Kimya. Upande wa redio unaongea vizuri, upande wa santuri hakuna kitu. Nikajilaumu, nikafungua amplifaya yangu na kuichomelea upya. Kimya tena. Ndipo nikalala chini na tochi, nikafuata nyaya zako za ndani, zile zinazopeleka sauti kutoka kwenye santuri.

Hazikuungua, Baba. Zilikatwa kwa koleo. Kila ncha ilizungushiwa utepe mweusi, na mwisho wa utepe umekunjwa kidogo ili atakayefuata aubandue bila kuhangaika na kucha. Nani mwingine Mpanda hii anakunja utepe hivyo? Mimi mwenyewe ulinigombeza sana nilipokuwa najifunza, kwa kusahau kuukunja. "Usimsumbue fundi mwenzako," ndivyo ulivyokuwa unasema.

Hukunisumbua. Utepe uliachia kirahisi kabisa.

Kumbe ulikuwa unakaa hapo kila jioni, unasikiliza taarifa yako ya habari, na unajua! Mama anaweka sahani, inazunguka, haisemi, na wewe, fundi wa mji mzima, unatikisa kichwa: "Umeiunguza, Mama Skola. Hata mimi nimeshindwa." Wanawake wa jirani wakaacha kuja. Nadhani ndicho ulichotaka. Nakumbuka ulivyokuwa unanuna ukiwakuta wanacheza sebuleni kwako, Mama katikati, kitenge kimefungwa kiunoni, anacheka mpaka anashika ukuta. Si ungesema tu kwamba hutaki? Mngegombana, mngenuniana, yangekwisha.

Nilipounga nyaya, muziki ukatoka. Mama akaja kutoka jikoni, mikono ina unga. Sikuweza kumficha, nikamwonyesha zile ncha nilizoziunga na ule utepe nilioubandua. Aliziangalia, akaniuliza, "Sasa yule jogoo nilimpeleka wa nini?"

Habari za jogoo sikuwahi kuzijua. Mama ndiye aliyenieleza, amesimama hapo hapo. Kwamba alipanda lori la mahindi mpaka Litapunga kwenu, jogoo mapajani, akapiga magoti mbele ya dada zako kuomba radhi kwa kukuharibia mali, kama mnavyotaka wake zenu wafanye. Na wewe ulikuwepo, umekaa kwenye kiti.

Ulimla yule jogoo, Baba.

Mama anasema nikuache. "Mwache baba yako, Skola. Ameshaenda." Akarudi jikoni. Hakucheza hata kidogo. Sahani ikaisha, sindano ikabaki inakwaruza, na mimi nalia, sijui namlilia nani. Kila ninachokijua ni wewe uliyenifundisha. Sasa nikifungua redio ya mteja uliyoitengeneza wewe, naanza kwa kutafuta uongo wako, na kazi hii niliipenda.

Nilimuuliza Shangazi, kama mazungumzo tu, mtu akifa huku anadaiwa radhi, nani humwombea. Akasema mwanawe wa kwanza, tena kwa magoti. Hakujua kwa nini nauliza.

Jumapili tunakwenda Litapunga, mimi na Deo na Mama. Mama amekubali kwa shingo upande. Kabati tunalibeba, na mgongo wake nitaufungua mbele ya dada zako wote waone kwa macho yao pale ulipokata. Halafu, nakuahidi, nitapiga magoti mbele ya Mama kwa jina lako, na nitasema wazi lile ulilolificha: "Nilikudanganya."

Lala, Baba. Nitakuombea radhi kwa moyo wangu wote. Kama Mama atakusamehe, sijui. Mimi bado.

Mwanao,
Skola