Nilifungua Ruta Nicheze Gemu, Shemeji Yangu Akafukuzwa

Mshauri mpendwa, hili sijamwambia mtu yeyote na limeninyima raha, naomba unisaidie.

Mimi ni Cephas, naishi Masara na mama yetu aliyepooza upande mmoja, na Trizah, mke wa kaka yangu Jared, ndiye aliyekuwa akimwosha na kumlisha, na kwa vile Jared anafanya kazi mbali alifunga kamera chumbani kwa Mama tuwe tunaona kama ameanguka, na Trizah aliifunika kwa leso kila alipomwosha. Sasa mimi napenda gemu, nikataka wenzangu wa Homa Bay waingie kwenye kompyuta yangu tucheze pamoja, lakini ruta ilikataa kuwapitisha, na kufungua mlango wa gemu peke yake kwa kuandika namba zake kwenye ruta kukanishinda, basi nikabonyeza mahali panaporuhusu kila kifaa cha nyumbani kijifungulie mlango wa intaneti chenyewe, gemu ikakubali, nikafurahi, nisikumbuke kwamba kamera nayo ingejifungulia, ambayo bado ilikuwa na neno la siri la kiwandani.

Mwezi uliopita picha ya Mama ikazunguka kwenye grupu la WhatsApp la kijiji, amelala bila nguo, amejifunua kwa sababu ya joto. Watu wakasema ni Trizah, maana ndiye huingia mle na simu, Jared akampigia akamwambia, "Toka kwa boma yetu," naye akaenda kwao Karungu akilia, nami nimesimama pale. Picha imepigwa kutoka juu, kwenye pembe ya dari, ilipo kamera. Nilijua siku hiyo hiyo kwamba mwizi aliingia kwenye kamera kupitia ruta niliyoifungua. Lakini kwetu mtoto wa kiume haoni uchi wa mama yake, nikisema naijua picha nimekiri niliitazama. Nifanyeje?

Mshauri Pauline anajibu:

Cephas, pole kwa yaliyompata mama yako. Kosa la ruta lilikuwa la kutojua, na aliyeiba picha ni mwovu kwa nafsi yake. Lakini kunyamaza umenyamaza ukijua, mwezi mzima, huku mwanamke aliyemgeuza mama yako kitandani akiitwa mchafu kwa ajili yako. Hilo nakulaumu.

Ng'oa kamera hiyo leo. Zima ule mpangilio wa ruta, badilisha maneno yote ya siri, kapige ripoti polisi. Ukitaka kucheza tena, tafuta fundi akufungulie mlango wa gemu tu.

Habari ya mwiko mpelekee waya, dada ya baba yenu. Yeye ndiye wa kuzungumza na Mama na kuwauliza wazee kinachotakiwa. Ila usijifiche nyuma ya mwiko, kijana wangu, umeogopa tu.

Kwa Trizah usimtume mtu. Mpigie Jared umweleze yote, mwende Karungu mkaseme mbele ya wazazi wake, kisha uandike kwenye grupu lile lile lililomtukana. Jared atakufokea, vumilia. Trizah akikataa kurudi, ana haki yake, na kumlisha Mama kutakuwa kazi yako. Maneno yenyewe si mengi: "Ni mimi, si Trizah." Yakikushinda kufikia Jumapili, usiniandikie tena, kwa maana barua nitakayoisubiri ni ya Trizah.