Miche Uliyowanyima Majirani

Chebet mjukuu wangu,

Hapa Kapkatet tuko salama, na ng'ombe wetu amezaa ndama jike. Umeniuliza kama ulikosea kuwanyima majirani zako wa Chepseon miche ya stroberi, baada ya kuona mizizi imejaa vinundu vya minyoo wa udongo.

Nikiwa msichana, mama alimnyima dada yake miche ya managu kwa sababu hiyo hiyo. Huku kwetu kumnyima mtu miche ni aibu, kwa hivyo akaitwa mchoyo. Aling'oa yote, akaichoma. Msimu huo tulikula managu ya huyo dada yake, maana shamba lake lilibaki zima.

Jumapili, mgeni kutoka Chepseon alituambia kanisani kuna msichana wa stroberi huko, mchoyo sana. Nikasimama, wote wanione.

"Huyo," nikasema, "ni mjukuu wangu."

Kogo wako