Ng'ombe ya Nyantende

Mujukuu wangu Bahati,

Jambo sana. Sisi wa Nyalukemba tuko wazima, aksanti kwa Mungu. Na wewe, unakula muzuri kule Kinshasa?

Unaniuliza kitabu gani kinaeleza mawazo ya mutu inakaa wapi. Mimi niliacha masomo mu mwaka wa pili. Lakini wakati wa Wabeleji, baba yako akiwa mutoto, homa ilimulaza siku mbili bila kufungua macho.

Enfirmiye wa hospitali akaniambia: «Maman, nyamaza, hasikie kitu.»

Mimi nikaendelea kumupa habari za kijiji chetu Nyantende, kama ng'ombe ya baba yangu iko karibu kuzaa.

Siku ya tatu akafungua macho: «Maman, ilizaa?»

Mpaka leo nashukuru. Soma vitabu vyote, lakini anzia ku baba yako. Umuulize alikuwa wapi. Mimi niliogopa kumuuliza.

Koko wako