Tuchupa Mbili kwa Mapasa

Kamina, 14 août 1995

Kwako mudogo yangu mupenzi Kabange,

Njo minyi yaya yako Kyungu nakuandikia, nikiwa na afya, namushukuru Mungu. Na weye, baridi ya Liège haikuumi? Mama iko muzima, magulu tu njo inamusumbua. Tangu uende, nyumba imekuwa kubwa sana. Tunakula, tunanyamaza, tunaenda kulala.

Juu ya Abigaïl, ule binti ya Bukama mwenye nilimuomba nimuoe, mama aliendelea kukatala. Unamujua: kwake mapasa, bantu benye kuzaliwa tumbo moja kama siye, banaoa siku moja, na weye ungali bila bibi. Minyi nikabakia kungoja.

Basi kolis yako, ule muzigo ulitutumia, ilifika, padri aliileta toka Lubumbashi, tuchupa mbili ya pudre haikupasuka. Nilitaka kuipeleka ku masomo, banafunzi yangu ya fizike baone. Lakini mama njo aliiona wa kwanza. Ngoy, mwenye kubadirishaka dolari ya basoda ku base ya jeshi, alitukopesha kalampe kake ka violet kenye anaangaliaka nako kama noti ni ya kweli. Tukafunga madirisha, tukaangazia tuchupa na kalampe. Kachupa kamoja kakawaka rangi ya majani, kengine nyekundu.

Mama alikasirika vibaya. Tangu tuzaliwe, mwenye kutuletea yai moja, si mbili sawasawa, anarudishwa nayo ku mulango. Akauliza nani alikufundisha kuletea mapasa bintu ya mbalimbali, na kama unatafuta mumoja wetu agonjwe.

Nikamueleza vile uliandika. Mu tuchupa yote iko pudre moja, ile ile, tofauti ni ukubwa ya tupunje tu, na yote ni tudogo sana, hata mikroskopi ya masomo haiwezi kutuona. Kapunje kakiwa kadogo, umeme ya ndani inabanwa, mwangaza inatoka na nguvu mingi, inakuwa ya majani. Kapunje kakiwa kakubwa kidogo, umeme inapata nafasi, nguvu ya mwangaza inapunguka, inakuwa nyekundu. Mama akauliza nani alitia rangi. Nikasema hakuna mutu. Moto ya kupika pudre ilikuwa moja, kamoja kalikawia tu ku moto kupita kengine. Akanyanganya kalampe, akaangalia tena na tena, mpaka Ngoy akamuomba asimumalizie piles ya kalampe.

Kisha mama akasema maneno yenye nililala na njaa yake miaka yote: kama ni vile, mapasa nabo banaweza kuwaka kila mumoja na rangi yake, basi niende nioe Abigaïl, nisikungoje tena.

Mudogo yangu, kesho yake nilipanda treni ya Bukama. Bazazi yake balinipokea muzuri, balinipa samaki nikakula, njo balinambia kwamba Abigaïl alipewa bwana ku Mulongo wakati ya baridi, na sasa iko na mimba. Alichoka kungoja. Nilirudia Kamina nikiwa nimesimama ku mulango ya wagon njia yote, juu sikutaka bantu baone machozi yangu.

Mama sijamwambia. Weye njo wa kwanza kujua. Sikulaumu, hata siku moja hukuomba nikungoje. Lakini nakuomba neno moja: kama umepata bibi kule, usifiche, usingoje kama minyi. Oa.

Unisalimie barafiki yako bote, na ukule muzuri, uko mwembamba ku picha. Mama anakusalimia sana. Iko inje anatwanga, anaimba nyimbo ya ndoa, na sina roho ya kumunyamazisha.

Yaya yako,
Kyungu