Kikombe cha Hooyo

Griftu, Jumanne, 1996

Kikombe cha maji nilichomwachia Hooyo asubuhi nimekikuta kimejaa vilevile. Mama yangu huyu atanitoa roho.

Maisha yake yote amekunywa maziwa ya ngamia, yakamshibisha na kumkata kiu. Maji yalikuwa ya mbuzi na watoto. Sasa tunakula mahindi ya msaada, makavu, yenye chumvi, na bado anakunywa kama zamani: mafunda mawili, kisha anafunika mtungi.

"Sina kiu," anasema, na midomo imempasuka. Leo alipoinuka kwenda kuswali aliyumba, akashika ukuta. Mkojo wake umekuwa kama chai ya rangi. Naogopa, na hapa daftarini naweza kusema.

Nilipomsihi alikasirika. "Mimi si mbuzi, Halima. Kaka yako akirudi na ngamia wangu, nitakunywa mpaka nishibe."

"Inshallah, Hooyo," nikamjibu, nikatoka haraka asinione uso.

Ngamia huyo alikufa malishoni Ijumaa. Kaka ameniletea habari leo sokoni, kisha akaogopa kufika nyumbani.

Kesho Hooyo ataniuliza tena kama ngamia wake amerudi.