Mrehani Si Kivumbasi

Baba Naila,

Wali upo kwenye hotpoti, mchuzi uupashe moto mwenyewe.

Hongera kwa kazi ya asubuhi. Umeng'oa mrehani wangu wote ukidhani ni kivumbasi, ukautundika madirishani kufukuza mbu! Sasa nyumba inanukia kama chumba cha bibi harusi, na mbu wenyewe wameipenda.

Mrehani ule niliuotesha kwa tawi la kaburini kwa mama. Naila anaolewa Ijumaa, nilitaka avae kifuani kikuba cha mrehani uliotoka kwa bibi yake.

Nimekwenda Chole kuchuma mwingine. ~~Nalala huko huko.~~ Narudi jioni, unipokee kituoni Kwa Mathias. Kule kaburini najua bado umestawi, maana hujawahi kwenda kupalilia.

Mama Naila