Nilimzulia Mpwa Wangu Ahadi ya Nambari Ishirini na Mbili

Mpendwa Bi Ardith,

Nimekusoma miaka kumi na saba na sikuwahi kufikiri kwamba ipo siku nitakuwa upande huu wa karatasi, maana mimi ndiye ninayewasomea wateja barua za wenzangu pale dukani wakisubiri matairi yao, tunacheka mpaka machozi, lakini leo ni zamu yangu, naomba unisaidie na tafadhali sana jina langu usilitoe, kwa sababu mji wetu ni mdogo na kila mtu anajua jirani yake amekula nini.

Nina mpwa, mtoto wa dada yangu Marlene, anaitwa Tobin, ana miaka ishirini, na kama unaishi kusini mwa Indiana huna haja ya kuambiwa zaidi, picha yake iko ukutani benki, kwa kinyozi na kwa daktari wa meno. Amecheza mpira wa kikapu chuoni miaka miwili, na mwaka huu akaandikisha jina kwenye uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi ya kulipwa, ile siku ya Juni ambapo timu zinachagua vijana kwa zamu, wanachukuliwa kama sitini hivi na waliobaki wanazima televisheni, lakini yeye alijiandikisha ili ajipime tu, maana sheria inamruhusu kuondoa jina kabla ya tarehe ya mwisho akarudi chuoni kama vile hakuna kilichotokea, na tarehe hiyo, Bi Ardith, ni Jumatano hii.

Sasa sikiliza kosa langu. Mwezi uliopita, Jumamosi asubuhi, nilikuwa mgahawani nakula mayai na soseji kwenye ile meza yetu ya wazee, na alikuwepo Verlin, ambaye mwaka wa 1983 alikosa mitupo miwili ya adhabu kwenye fainali ya wilaya na tangu hapo hajamsamehe mtu yeyote anayejua kutupa mpira. Akaweka kikombe chini, akasema, "Bwana wee, huyo mpwa wako mmemwambia ukweli lakini? Timu siku hizi zinataka vitoto vya miaka kumi na tisa vyenye mikono ya kufika dari. Huyo wenu atakaa kwenye kochi mpaka jina la mwisho lisomwe, mama yake anampapasa mgongo."

Meza nzima ikacheka, na mhudumu akacheka, na mhudumu ni binamu yangu. Sijui ni kitu gani kilinipanda kichwani, nikafuta mdomo, nikasema polepole kama mtu asiyetaka kusema, "Mimi sipaswi kuongea haya, ila kuna timu imeshampa ahadi. Nambari ishirini na mbili."

Wewe unajua ahadi ni nini huku kwetu, timu inamnong'oneza wakala kwamba zamu yetu ikifika na kijana wako bado yupo tunamchukua, na kijana naye anaacha kwenda kujaribiwa na timu nyingine, hakuna karatasi, hakuna sahihi, hakuna wa kumuuliza, na nakiri kwamba ndiyo sababu niliichagua. Verlin alinyamaza dakika nane, niliangalia saa, na sikumbuki mayai kuwa matamu namna ile.

Kumbe meza ya nyuma alikuwepo kijana mmoja mwenye podikasti, na jioni ile ile akatangaza kwamba mtu wa karibu na familia amemdokeza. Jumatatu mwandishi akanipigia dukani kutoka Indianapolis, na badala ya kumwambia ukweli nikasema siwezi kuthibitisha wala kukanusha, maneno niliyoyasikia kwenye televisheni, na nikayasindikiza na kicheko kidogo. Jumatano kwenye kipindi cha michezo redioni walikuwa wanabisha kwamba ni uzushi, nikakasirika, nikapiga simu nikiwa nimebana pua, nikajiita Gary wa Bloomington, nikasema hata mimi nimesikia nambari ishirini na mbili. Ijumaa ikaandikwa kwamba habari hiyo sasa imetoka kwenye vyanzo vitatu visivyojuana. Vyanzo vitatu, Bi Ardith, na vyote vinauza matairi.

Basi kwenye zile orodha za utabiri Tobin akaruka kutoka hamsini na moja hadi ishirini na mbili, hakuwa amegusa mpira wiki nzima kwa sababu ya mafua, na wataalamu wakaeleza kwa nini timu ile inamhitaji, wakachora na mishale, mmoja akamwongezea inchi mbili za urefu ambazo hata mama yake aliyemzaa hajawahi kuziona. Na cha aibu zaidi ni kwamba nilipoisoma orodha ile nilipiga ngumi mezani kwa furaha, nikajiambia, kumbe ni kweli.

Wakala wake, Preston, kijana wa suti ya bluu na viatu bila soksi, aliposikia akaipigia timu yenyewe, wakamjibu kwamba hawazungumzii wachezaji, yeye akachukua kuwa ndiyo hiyo, akafuta majaribio manne, akisema mwenye ahadi hajionyeshi, akijionyesha atateguka kifundo na ahadi itakufa. Timu mbili nyingine zikafuta zenyewe, zikasema kwa nini zimnunulie tiketi ya ndege kijana wa watu. Na kocha wa chuoni amepiga simu mara mbili, ana mchezaji mwingine anayeisubiri nafasi ya Tobin, anataka jibu Jumatano.

Jana baada ya chakula nilikuwa nakausha vyombo na Tobin jikoni kwa Marlene, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mjomba, nikuulize kitu. Preston anasema ndiyo, mtandaoni wanasema ndiyo, lakini hakuna mtu wa ile timu aliyewahi kuongea na mimi. Hata salamu. Wewe ulisikia kwa nani?"

Nikasema, "Kwa watu wanaojua."

Akasema, "Basi sawa. Ukisema wewe, mimi sina wasiwasi. Jumatano namwambia kocha nafasi yangu ampe yule mwenzangu." Akaendelea kuosha sahani.

Baba yake aliondoka Tobin akiwa na miaka sita, mimi ndiye niliyemfungia kikapu juu ya mlango wa gereji, na sijalala vizuri tangu jana. Naomba uniambie, niseme, au ninyamaze nisubiri, maana tetesi nyingine huwa zinakuja kuwa kweli, na pengine hiyo timu nayo imesoma na imeanza kuvutiwa?

Mjomba Mwenye Mdomo

*

Ndugu Mjomba,

Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya kwanza nikicheka, na nilipofika kwenye vyombo vya jikoni nikaacha kucheka.

Nianze na huruma, kwa sababu ni kidogo na itaisha haraka. Verlin alikukosea. Mtu mzima hamfanyii mzaha mtoto wa mwenzake mbele ya meza nzima, na kama ungemmwagia kahawa ningekutetea kwenye ukurasa huu huu. Sote tunawapenda watoto wetu kuliko orodha za watu zinavyowapima. Hapo nakuelewa.

Sasa huruma imeisha. Unaniuliza kama timu imesoma tetesi na kuvutiwa. Baba wewe, ni tetesi zako. Unasubiri uongo wako ukue, uoe, ukuletee wajukuu? Timu haimchagui mtu kwa kusoma podikasti ya kijana wa meza ya nyuma. Ina watu wamemtazama Tobin miaka miwili, na kama ilikuwa inamtaka, angalau ingemsalimia, kama mwenyewe alivyokwambia. Mtoto ana akili. Sijui alizipata upande gani wa familia.

Kuhusu ile timu kutokukanusha, nitakueleza kwa njia unayoijua. Marehemu mume wangu alikuwa akienda mnadani kununua mtamba wa ng'ombe, anasimama mbele ya mtamba asiyemtaka, anamsifia masikio, anamsifia kwato, kila mtu anageukia huko, halafu anamnunua yule mwingine kwa utulivu. Timu hiyo ina kijana wake inayemtaka, na inafurahi sana nchi nzima ikimtazama mpwa wako. Hawakukanusha kwa sababu umewafanyia kazi bure.

Ndivyo Mei inavyokwenda kila mwaka. Hakuna anayejua kitu, na kila mtu analipwa aonekane anajua. Wakala anavumisha ili bei ipande, timu inavumisha ili ijifiche, mwandishi anavumisha kwa sababu kipindi ni cha saa mbili na habari zilizopo ni za dakika nne. Wewe hukulipwa hata senti. Uliingia kwenye biashara hiyo ili Verlin anyamaze dakika nane, na katika wote hao ni wewe pekee uliyekuwa na habari ya uhakika: kwamba ni uongo. Hata wewe ukaisahau ulipoona mishale.

Lakini hayo yote ningekusamehe. Mgahawani ulidanganya wazee, redioni ulidanganya watu wasiokujua, na wanaosikiliza redio asubuhi wamezoea. Jikoni ulimdanganya Tobin. Alikuja na swali zuri, akakuuliza kwa heshima, na mtu pekee duniani mwenye jibu alikuwa amesimama pale na kitambaa mkononi. Sasa yuko tayari kutoa nafasi yake ya chuo kwa sababu ya neno lako. Naona aibu kwa niaba yako.

Gazeti hili linatoka Jumanne asubuhi, kwa hiyo una siku moja, na utaitumia hivi. Funga duka saa sita mchana. Matairi yatasubiri. Marlene anapotoka kazini umkute nyumbani kwake, na Tobin awepo. Usibebe pai. Ukibeba pai utaanza kukata vipande na kuongea habari za hali ya hewa, nawajua wanaume wa kaunti hii. Kaa chini, useme, "Niliizua mimi. Ya mgahawani ni mimi, ya mwandishi ni mimi, ya redioni ni mimi." Usiseme ulisikia vibaya. Usiseme mambo yalikuzwa. Usimtaje Verlin, maana ukimtaja tu utajikuta unajitetea, na atakayekusikiliza ni dada yako, ambaye hana muda huo.

Atapiga kelele. Mwache apige. Tobin pengine hatapiga, na hilo litakuuma zaidi, lakini hukuja pale kustareheshwa. Kelele zikiisha, mpigieni Preston simu, sauti muiweke wazi wote msikie, umuulize mbele yao timu ile ilimwambia nini neno kwa neno. Halafu avae soksi azipigie zile timu sita aulize kama kuna hata moja inayoweza bado kumtazama kijana. Halafu Tobin ampigie kocha wake. Akitaka kuondoa jina, aondoe. Akitaka kulibakiza na kujaribu bahati yake huku akijua yuko nambari hamsini na kitu, alibakize, ana miaka ishirini na maisha ni yake. Wewe huna kura. Ukiulizwa maoni, sema umeyamaliza.

Jambo moja zaidi, na hili ulishike. Usimpigie mwandishi wala redio kurekebisha. Nakuapia, ukikanusha wataandika kwamba mtu wa karibu na familia ameanza kuficha, kwa hiyo ahadi lazima ni ya kweli, na Tobin atapanda mpaka kumi na nane. Waache. Wiki ijayo watakuwa na kijana mwingine mwenye mafua.

Jumamosi nenda mgahawani kama kawaida, ukae kwenye meza ile ile, umwambie Verlin ukweli kwa sauti ambayo mhudumu pia ataisikia. Atakucheka mpaka Krismasi. Agiza mayai ule.

Umeniomba nisitaje jina lako, na gazetini sijalitaja. Ila mjini kwenu kuna duka moja tu la matairi, na Marlene nimeimba naye kwaya miaka tisa. Jumatano saa nne asubuhi nitampigia nimuulize Tobin ameamua nini. Kama atanijibu, nitakata simu niendelee na shughuli zangu. Akishangaa nazungumzia nini, nitamweleza yote mwanzo mpaka mwisho, na akiniuliza nimesikia kwa nani, mimi huwa nataja majina.

Bi Ardith